Je, Bei Rahisi ni Rahisi Kweli?

Mwezi huu tumeona ni vyema tuzungumze nanyi juu ya vyombo vidogo vidogo ambavyo vimejaa majumbani mwetu: simu, chaja, redio, saa za mkononi, taa za jua, mashine za kupimia presha na sukari. Zamani mama alipokwenda dukani alichagua sufuria kwa kuigonga na kusikiliza mlio wake, na kanga aliitazama kwenye jua. Alijua anachokitafuta. Leo anapewa kijisanduku chenye picha nzuri na maandishi asiyoweza kuyasoma, anaambiwa bei imeshuka kwa leo tu, na hana njia ya kukigonga asikie mlio.

Sisi ni wauguzi na akina mama wa kikundi cha kanisa hapa kisiwani Pemba. Asubuhi tuko wodini. Jioni, tunapopata nafasi, tunatembelea wagonjwa majumbani, wale wa kanisa letu na majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi hapa kwetu. Katika kazi hizo mbili tumekutana na vyombo hivi kila mahali, sebuleni, jikoni na kando ya kitanda cha mgonjwa. Hatujasomea ufundi wa umeme. Lakini tumeona mara nyingi nini hutokea familia inapokitegemea chombo, na chombo chenyewe kikawa si cha kutegemewa.

Hapa kwetu karibu kila kitu huja kwa bahari. Vingine huja kwa meli kutoka Unguja, Dar es Salaam na Tanga. Vingine huletwa na ndugu zetu waliopo Muscat na Dubai, na vingine ni mitumba iliyoshushwa kutoka Japan. Msimu wa karafuu ukifika, watu wakishauza na kushika fedha, wachuuzi nao huongezeka. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Si kila kinachotembezwa ni kibaya, la hasha, kwani wachuuzi wengi ni watu waaminifu wanaotafuta riziki yao. Lakini chombo kibaya kikitembezwa kwa maneno matamu, ni nani atakayelipa gharama yake? Tutazame pamoja.

Umeme wetu na vyombo vya wenzetu

Wengi wenu mnakumbuka kwamba umeme wa uhakika ni mgeni hapa Pemba. Kwa miaka mingi tulitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, na kukatikakatika kwake tulikuzoea. Mwaka 2010 ndipo waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga ulipoanza kutuletea umeme, kwa msaada mkubwa wa nchi ya Norway. Tangu hapo majokofu yameongezeka, pasi za umeme zimeongezeka, na masufuria ya umeme ya kupikia wali yameingia hata vijijini.

Hapo ndipo linapokuja jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Umeme wetu ni wa volti 230. Oman na Dubai hutumia umeme wa kiasi kama hicho, na plagi zao zina meno matatu kama zetu. Ndiyo maana kitu kilichonunuliwa Muscat unakichomeka ukutani nacho kikafanya kazi bila tatizo. Japan mambo ni tofauti, kwani umeme wao ni volti 100 tu, na Marekani ni volti 120. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya nyumba ya Japan, ukikichomeka kwetu bila transfoma, kinapokea nguvu ambayo hakikuumbiwa.

Jirani yetu mmoja alinunua sufuria ya umeme ya kupikia wali, mtumba kutoka Japan, safi kabisa, kwa nusu ya bei ya dukani. Aliyemwuzia alimpa kipande cha kubadilishia plagi, akamwambia hicho kinatosha. Kile kipande hubadilisha meno ya plagi tu, umeme wenyewe kinauacha vile vile. Mchele haukufika hata kuchemka. Tulisikia harufu ya kuungua mpaka uani kwetu. Baadaye fundi alitueleza kwa hesabu nyepesi: chombo chenye waya wa joto kilichoundwa kwa volti 100, kikipewa volti 230, hutoa joto zaidi ya mara tano ya lile lililokusudiwa. Ni bahati kwamba watoto walikuwa nje.

Basi, mama, kabla hujalipa, geuza chombo chini utazame kibandiko chake. Kikiandikwa "100–240V" kitafanya kazi popote, na chaja nyingi za simu na za kompyuta ndogo ziko hivyo. Kikiandikwa "220–240V" ni cha kwetu. Kikiandikwa "100V" peke yake, uliza bei ya transfoma, uiongeze kwenye bei ya chombo, ndipo uone kama bado ni rahisi. Kibandiko kikiwa kimebanduliwa, mrudishie mwenyewe kwa heshima.

Redio nazo zina kisa chao. Magari mengi ya mitumba yanayoletwa Zanzibar hutoka Japan, na redio zake za zamani hushika FM ya kuanzia 76 hadi 90, kwa sababu ndivyo masafa yao yalivyopangwa. Stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Kwa hiyo unaweza kuwa na redio nzima yenye sauti nzuri ajabu, nayo ikakupatia stesheni moja au hakuna kabisa. Haijaharibika. Imezaliwa mahali pengine.

Simu iliyo nzima na simu iliyo bandia

Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima simu bandia nchini kote. Asubuhi yake kazini ilikuwa vicheko na masikitiko pamoja. Wapo waliokuwa na simu kubwa zenye majina makubwa, zikawa kimya. Wapo waliokuwa na vitochi vyao vya zamani, wakaendelea kuzungumza kama kawaida.

Tokea siku ile tulijifunza jambo ambalo mpaka leo tunawafundisha vijana wetu. Kila simu halali ina namba yake ya utambulisho, IMEI, yenye tarakimu 15. Ukibonyeza *#06# namba hiyo hujitokeza kwenye kioo. Ilinganishe na ile iliyoandikwa kwenye boksi. Namba zikitofautiana, au zisipotokea kabisa, hiyo simu usiichukue hata kama inang'aa namna gani. Wakati ule wa mwaka 2016, TCRA iliwaelekeza wananchi kuituma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ili wajue simu ni ya kampuni gani na ya aina gani. Kazi hiyo ni ya dakika moja.

Kuna na simu ambazo si bandia lakini zimefungwa. Simu za iPhone, tangu mwaka 2013, zina kufuli linaloiunganisha simu na mwenye akaunti yake. Mwenye simu asipoiondoa akaunti hiyo mwenyewe, mnunuzi hupata kioo kizuri kinachomwuliza neno la siri la mtu asiyemjua. Huenda mtu huyo aliibiwa. Hapa hatuzungumzii fedha tu, ni dhamiri pia. Simu inayouzwa robo ya bei yake, bila boksi, bila chaja, na muuzaji hataki kukupa jina lake, ni vyema tujiulize ilitoka mkononi mwa nani.

Kadi za kumbukumbu na pawabenki zimekuwa maarufu kwa udanganyifu wa aina nyingine. Kadi huandikwa ukubwa ambao haina. Ukitia picha za harusi, za mwanzo zinakaa vizuri, zinazofuata zinaandikwa juu ya zile za mwanzo, na siku ya kuzitafuta huzipati. Mama mmoja wa kikundi chetu alipoteza hivyo picha za mwisho za marehemu mama yake. Kadi ile aliinunua kwa shilingi elfu tano. Niambieni, hasara yake tuiandike shilingi ngapi?

Na betri ikivimba, jamani, msiibonyeze wala kuitoboa. Iondoeni kwenye chaja, muiweke mahali penye hewa mbali na nguo na magodoro, mkaikabidhi kwa fundi. Wala msiache simu ikachajiwa chini ya mto wa mtoto aliyelala. Majeraha ya moto tunayaona wodini, hatupendi kuyaona tena.

Kitochi si cha kudharauliwa

Tusije tukaeleweka kwamba kila kilicho rahisi ni kibaya. Kuna utafiti mmoja uliofanyika hapa Zanzibar, kisiwani Unguja, kati ya mwaka 2009 na 2010, ambao sisi wauguzi tunaupenda. Uliitwa Wired Mothers. Wajawazito 2,550 kutoka vituo vya afya 24 walifuatiliwa. Katika nusu ya vituo hivyo, akina mama walipata ujumbe mfupi wa simu wa kuwakumbusha na kuwaelimisha, pamoja na vocha ya kuwawezesha kumpigia mhudumu wa afya wanapopata tatizo. Katika nusu nyingine huduma iliendelea kama kawaida.

Matokeo yake? Kati ya akina mama 100 waliopata ujumbe na vocha, 60 walijifungua mikononi mwa mtaalamu. Kwa wale wengine walikuwa 47. Hapakutumika simu za bei kubwa. Ujumbe mfupi unaingia hata kwenye kitochi cha vitufe, kile ambacho vijana wetu wanakicheka. Ni kweli pia kwamba faida hiyo ilionekana zaidi kwa akina mama wa mjini kuliko wa shamba. Hilo linatukumbusha kwamba simu haimfikishi mama hospitali ikiwa hakuna gari wala nauli.

Siku hizi wapo watu wa kujitolea wa mpango wa Serikali uitwao Jamii ni Afya, wanaopita nyumba kwa nyumba Unguja na Pemba wakiwa na simu zinazowaongoza maswali ya kuuliza na dalili za hatari za kutazama. Tunawaona wakifika kwa mama aliyejifungua, wanakaa, wanauliza, wanasikiliza. Simu ile ina thamani kwa sababu kuna mtu aliyeishika, na kituo cha afya kinachompokea mgonjwa anayeandikiwa rufaa. Kumbukeni jambo hilo, kwa sababu sasa tunafika kwenye habari iliyotufanya tuandike makala haya.

Saa iliyosema sita

Katika shehia moja ya upande wa Wete yuko bibi mmoja ambaye ana ugonjwa wa kisukari kwa miaka kadhaa. Alikuwa mgonjwa mwema sana. Kliniki alifika kila mwezi, dawa alikunywa, na stakabadhi zake alizifunga kwenye leso. Kijana wake anafanya kazi Muscat. Kwa kumhurumia mama yake asichomwe vidole kila mara, alimletea saa ya mkononi ambayo tangazo lake lilisema inapima mapigo ya moyo, presha na sukari, bila sindano na bila damu. Bei yake haikufika hata gharama ya kuchonga jino moja la bandia.

Bibi akafurahi. Kila asubuhi anabonyeza, saa inaandika 5.8, au 6, au 6.1. Namba nzuri ambazo kila mwenye kisukari angezitamani. Akaona hakuna haja ya kutoa nauli kwenda kliniki. Vidonge akaanza kunywa kimoja badala ya viwili, na siku nyingine akaacha, kwani mwenye sukari nzuri anywe dawa ya nini? Tena fedha aliyookoa akamnunulia mjukuu wake madaftari.

Tulipofika kumtembelea, miezi ilikuwa imepita. Tulimkuta amekonda. Jagi la maji lilikuwa kando yake, na mjukuu alitueleza kwamba usiku bibi huamka kwenda chooni mara nyingi. Mguuni palikuwa na kidonda kati ya vidole, kimefungwa kitambaa.

"Shikamoo, bibi. Sukari yako mara ya mwisho ulipima lini?"

"Marahaba, wanangu. Napima kila siku. Hebu tazameni, saa yasema sita."

Tukamchoma kidole na kutumia mashine yetu. Mashine haikuandika namba. Iliandika "HI", maana yake sukari imepanda kupita kiwango cha juu kabisa ambacho mashine ile inaweza kukisoma. Tukanawisha kidole kingine kwa maji na sabuni, tukarudia kwa stripu nyingine. Jibu likawa lile lile.

Bibi hakuamini. Kwake mashine yetu ilikuwa kuukuu, na saa yake ilikuwa mpya. Mmoja wetu akaomba ndizi iliyokuwa juu ya meza, akaifunga saa ile, akabonyeza. Tukasubiri. Saa ikaandika mapigo ya moyo 78 na sukari 5.9.

Mjukuu alicheka sana. Bibi naye alicheka, kisha akanyamaza muda mrefu. Akatuuliza kwa sauti ndogo, "Nimwambieje mwanangu? Katoa fedha zake."

Wapendwa, swali hilo lilitugusa kuliko namba ya mashine. Zawadi ile ilitoka kwenye mapenzi ya kweli. Mwenye makosa hakuwa mwana wala mama. Ni yule aliyetengeneza saa ya kuandika namba asizozipima, na yule aliyeiuza akijua. Tulimwambia bibi amweleze kijana wake kwamba saa inataja wakati vizuri na ataivaa, lakini sukari ataipima kwa damu. Siku ile ile alipelekwa hospitali. Alilazwa wiki kadhaa. Kidole kimoja cha mguu kilikatwa, mguu wenyewe ukapona, na leo anatembea na mkongojo wake mpaka kwenye mkarafuu ulio nyuma ya nyumba. Kijana alipopata habari aliumia, lakini hakukaa na majonzi tu. Mzigo uliofuata kutoka Muscat ulikuwa na mashine ya kupimia sukari kwa damu, na maboksi matatu ya stripu zake.

Saa za namna hii hazidanganyi hapa kwetu tu. Tarehe 21 Februari 2024, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya wananchi wake wasitumie saa wala pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi. Ilieleza kwamba mpaka siku hiyo ilikuwa haijaidhinisha hata moja inayopima sukari yenyewe kwa njia hiyo. Wapo wagonjwa, hasa nchi tajiri, wanaovaa kifaa chenye kijisindano kinachokaa chini ya ngozi, nacho kinaweza kupeleka majibu kwenye simu au saa. Hicho ni kitu kingine kabisa, kwani kinaingia mwilini. Saa yenye taa ya kijani inayomulika ngozi inaweza kuhisi damu ikipita, ndiyo maana mapigo ya moyo huyapata kwa kiasi fulani. Sukari iliyomo ndani ya damu hiyo haiioni.

Vipimo vya nyumbani vilivyo vya kweli

Je, tuache kununua vipimo vya nyumbani? Hapana. Vikiwa vya kweli na vikitumika vizuri, vinatusaidia sana. Tutaje vichache.

Mashine ya presha. Chagueni inayofungwa kwenye mkono wa juu, juu ya kiwiko, kuliko ile ya kifundo cha mkono, ambayo hukosea kwa urahisi mkono ukikaa vibaya. Mkanda wake ulingane na unene wa mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huipandisha presha ambayo haipo. Mgonjwa akae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono uko usawa wa moyo, asizungumze, na awe hajanywa kahawa kwa nusu saa. Pima mara mbili, uziandike zote. Namba zikifika 140 kwa 90 au zaidi siku mbalimbali, nenda kituo cha afya. Na mashine ikiwa mpya, ibebeni mje nayo kliniki, tuilinganishe na ya kwetu bila malipo yoyote. Mwenye intaneti anaweza pia kutazama orodha ya kimataifa ya STRIDE BP, inayoonyesha mashine zilizothibitishwa.

Mashine ya sukari. Yenyewe mara nyingi huuzwa rahisi, hata hutolewa bure. Gharama iko kwenye stripu. Kila mashine ina stripu zake, na za mashine nyingine hazifai. Ulizeni kwanza kama stripu hizo hupatikana Chake Chake au Wete mwaka mzima. Kopo lake lifungwe mara tu mnapotoa moja, kwani hewa yetu ya kisiwani ina unyevu mwingi na huziharibu. Tarehe ikipita, zitupeni.

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Wakati wa ugonjwa wa korona watu wengi walivinunua. Mwezi Desemba 2020 madaktari wa Marekani walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba vipimo hivi, hata vya hospitali, huweza kuonyesha oksijeni nzuri wakati imeshuka. Hayo yalitokea kwa wagonjwa weusi karibu 12 kati ya 100, na kwa weupe karibu 4 kati ya 100. Sababu ni mwanga unaopita kwenye ngozi yenye rangi. Kwa hiyo mgonjwa akihema kwa shida, midomo ikibadilika rangi, au akichanganyikiwa, msimwache nyumbani kwa sababu kidole kimesoma vizuri. Na mwenye rangi ya kucha au hina nyeusi, tumieni kidole kisichopakwa.

Kipimajoto. Vile vya zebaki tunaviaga. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kuvitengeneza, kuviingiza na kuvisafirisha nje. Kama mnacho droani, kisiwe mchezo wa watoto. Kikivunjika, msizoe zebaki kwa mikono wala kwa ufagio. Cha betri kinatosha, mradi mkijaribu kwa watu wawili wazima wa afya kabla ya kukiamini.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kutoa fedha

Kikundi chetu cha akina mama huchangishana kila mwezi. Mwaka mmoja tulipotaka kununua mashine ya presha ya kubebea kwa wagonjwa, tuliletewa tano kwa bei ya moja. Kila mmoja angepata yake, fikirini! Mjadala ulikuwa mrefu mpaka chai ikapoa. Mwisho mama mmoja mzee, ambaye hajasoma zaidi ya darasa la nne, aliuliza, "Hizo tano zikitupa majibu matano, tutamwamini nani?" Tukanunua moja nzuri, na tunaipokezana kwa zamu. Hadi leo inafanya kazi, na daftari lake lina majina ya watu wa dini zote mbili.

Kutokana na hayo tumejiwekea maswali manne, nasi tunawaachia nanyi muyatumie.

Kwanza, kitu hiki kikiharibika nitampata nani? Risiti, jina la duka na siku kadhaa za dhamana vina thamani ya fedha.

Pili, nimekijaribu mbele ya muuzaji? Simu ipigwe, redio iwashwe, taa ya jua ichajiwe. Asiyekubali kijaribiwe anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Tatu, bei yake ya mwaka mzima ni ngapi? Hesabu betri, stripu, bando, transfoma, na nauli ya kwenda kwa fundi.

Nne, na hili ndilo kubwa: kikinidanganya, nani ataumia? Redio ikidanganya tunakosa habari. Kadi ikidanganya tunakosa picha. Chombo cha afya kikidanganya, anayelipa ni mgonjwa, mara nyingi mama mzima au mtoto mchanga asiyeweza kujitetea.

Mwenye ndugu ughaibuni anayetaka kukuletea zawadi, usione haya kumwambia mapema unachohitaji. Mpigie, mtajie jina la stripu, mtajie volti, mtumie picha ya kibandiko. Upendo wake hautapungua kwa kuelekezwa. Na kama tayari kuna kitu nyumbani ambacho mna mashaka nacho, kifungeni kwenye mfuko mje nacho kliniki siku yoyote ya kazi. Hatutamcheka mtu. Tutakitazama pamoja, na tukihitaji ndizi, tutaitafuta sisi.